Maji Yakiwa Manjano

Bi. Mboni, mshauri wangu mpendwa,

Naomba msaada wako, na kabla hujaendelea naomba unisamehe kwa urefu wa barua hii, maana nimejaribu kuifupisha na kila nikiifupisha naonekana mwema kuliko nilivyo au mbaya kuliko nilivyo, na mimi nataka unione kama nilivyo ndipo uniambie la kufanya.

Mimi ni msichana, karani katika ofisi ya shirika moja la umma huko Posta, kwetu ni Kilimanjaro, nimesoma kwa masista mpaka Kidato cha Sita na kemia nilifaulu vizuri, jambo ambalo silitaji kwa kujisifu bali kwa sababu ndilo lililonitia katika taabu hii. Nilipokuja Dar es Salaam ofisi ilinipatia chumba katika nyumba ya ghorofa moja nyuma ya Mtaa wa Msimbazi, nyumba iliyokuwa mali ya familia moja ya Kihindi kabla Serikali haijayachukua majumba ya kupangisha, na familia yenyewe bado inaishi pale chini, wapangaji kama mimi. Nilifika na sanduku langu nikiwa na hakika kwamba watanichukia, maana chumba nilichopewa kilikuwa chumba cha binti yao, na nilisimama mlangoni nikisita hata kubisha, lakini mama mwenye nyumba, mjane aitwaye Champaben, ambaye nyumba nzima humwita Ba, yaani mama kwa Kigujarati, alitoka mwenyewe akijikokota kwa kushika ukuta, nikamwambia shikamoo, akaitikia marahaba, akanitazama kuanzia juu hadi chini kisha akasema, "Umekonda. Huko mlimani kwenu hawali?" Hiyo ndiyo karibu niliyopewa, na tangu siku ile sijalala na njaa.

Bi. Mboni, Ba ana baridi yabisi katika magoti na nyonga, na wakati nahamia alikuwa halali vizuri wala hatembei ila kwa kushikiliwa. Daktari alisema akae kila siku ndani ya maji ya moto yanayozunguka, basi mwanawe Devendra, mwenye karakana ya pampu mtaa wa Gerezani, akamjengea hodhi la saruji uani, akalitia vigae, akaezeka bati juu na kuning'iniza pazia, akafunga hita ya umeme na pampu ndogo ya kuyasukuma maji, na mtu akiingia humo anakaa mpaka mabegani huku maji yakimpapasa mgongo. Mtaani hawajawahi kuona kitu kama hicho. Binti yao Jasvanti, ambaye ni muuguzi Uingereza, aliposikia akaandika haraka kwamba maji ya moto yanayokaa ni hatari kama hayana dawa ya kuulia vijidudu, na akatuma kisanduku cha kupimia dawa hiyo, chenye vichupa vya kioo, matone, na karatasi ya rangi, na maelezo yote yako kwa Kiingereza. Devendra alikiweka kisanduku mikononi mwangu akasema, "Dada, wewe umesoma kemia. Mimi nimesoma pampu." Basi kazi ikawa yangu, na naapa niliipenda, maana mama yangu yuko mbali na huyu mama alikuwa ananiita "dikri", binti yangu, kila nilipoteremka ngazi.

Sasa nieleze kipimo. Unachota maji ya hodhi kwenye kichupa, unadondoshea matone, unatikisa, unalinganisha na karatasi. Maji yakibaki meupe, dawa hakuna. Yakiwa manjano hafifu, dawa ni haba. Yakiwa manjano yaliyokolea kiasi, inatosha, na yakielekea rangi ya chungwa, imezidi. Maji ya kawaida tungeyabadilisha mara kwa mara na mambo yangekuwa rahisi, lakini wewe unajua bomba letu, siku linatoka na siku linakohoa tu, na Ba alikataa kabisa hodhi limwagwe ovyo, maana aliwasikia wanawake kwenye foleni ya ndoo wakisema, "Wenzetu wanaloweka magoti, sisi hatuna ya kuchemshia uji," na maneno hayo yalimchoma. Akasema, "Maji yangu yatakaa mpaka yenyewe yaseme yamechoka." Kwa hiyo tulitegemea dawa, ule unga mweupe, na tuliutegemea sana.

Mwanzoni majibu ya kipimo yalikuwa yanapanda na kushuka, leo manjano, kesho meupe kabisa, na mimi kila nilipoona meupe niliona kama nimeshindwa mtihani. Asubuhi moja nilikuwa nimekishika kichupa kwenye mwanga na Ba amekaa kwenye kigoda chake anajipaka mafuta magotini, akaniuliza, "Uso umeanguka. Maji yana nini?"

Nikamwambia, "Hayajawa manjano, Ba."

"Yakiwa manjano ndiyo mazuri?"

"Yakiwa manjano ndiyo mazuri kabisa."

"Haya," akasema, "si ungesema."

Akaendelea kujipaka mafuta yake. Na kwa kweli, tangu wiki ile, maji hayakunisumbua tena. Kila nilipopima yalikuwa manjano yale yale mazuri, sawasawa na rangi ya katikati ya karatasi, na Ba kila asubuhi aliniuliza kwa furaha kama mtoto, "Leo je? Manjano?" na mimi nilimjibu, "Manjano, Ba," naye alipiga kofi moja dogo. Hata siku moja niliyochelewa kazini nikasahau kabisa kutia dawa, jioni nilipima kwa woga nikakuta manjano yapo, nikamshukuru Mungu. Na kwa kuwa unga wa dawa umekuwa adimu Kariakoo nzima, na kipimo kilikuwa kinaonyesha inatosha, nilianza kupunguza kidogo kidogo, nikiamini naokoa kitu ambacho kesho hatutakipata.

Nikuambie pia mazuri, ili ujue kinachoweza kupotea. Mwezi uliopita Ba alisimama jikoni. Alisimama mwenyewe, Bi. Mboni, kiuno kimeegemea meza, akasukuma zile chapati zao nyembamba, akanipa ya kwanza ikiwa moto, vidole vyake vimejaa manjano ya mchuzi, akasema, "Kula. Hii nimepika na miguu." Devendra alitoka nje akajifanya anaangalia pampu, nami najua alikwenda kulia.

Kisha vipele vikaanza. Vilitoka kiunoni na mapajani, vyekundu, vinawasha, vingine na usaha, hasa pale nguo yake ya kuogea inapobana, na macho yake yakawa mekundu, na harufu ya dawa juu ya maji ikawa kali kiasi kwamba ukifungua pazia unakohoa. Nilipima. Manjano. Nikapima tena kwa kichupa kingine. Manjano. Devendra akaja akainama juu ya hodhi akajifuta macho.

"Unanusa?" akaniuliza. "Dawa imezidi. Inamuunguza mama. Hodhi hili nitalivunja."

Nikamwambia, "Kaka, kipimo kinasema imetosha, haijazidi."

"Kipimo kinasema. Ngozi yake je, inasema nini?"

Nikakiinua tena kichupa kwenye mwanga. Ba akapaza sauti kutoka kitandani, "Devu, usimgombeze mtoto wa watu! Hiki ni kijoto tu, vipele vya joto la Dar es Salaam!"

"Mama, kijoto hakitoki pale nguo ya kuogea inapobana peke yake!"

"Wewe ulizaliwa na kijoto, nani alikuvunjia kitanda?"

Lakini hakucheka. Amesema Jumapili atakuja na nyundo kulivunja hodhi, maana hawezi kukaa kumtazama mama yake akibabuka, na ameniambia kwa upole, upole ulioniumiza kuliko angefoka, "Dada, wewe ndiye mwenye kipimo. Kabla ya Jumapili niambie neno moja tu, dawa imezidi au haijazidi. Nitaliamini."

Ba hajaingia majini tangu wakati huo, na magoti yameanza kukaza tena, jana alishindwa kufika jikoni. Nilikwenda kumsalimu, akanivuta nikakaa kitandani, akaninong'oneza, "Dikri, mwambie maji ni mazuri. Sema tu hivyo. Vipele nitajikuna, lakini miguu nikiipoteza mara hii sitaipata tena." Na alikuwa ameushika mkono wangu, Bi. Mboni, na mimi nilitikisa kichwa bila kujua nimetikisa kukubali au kukataa.

Ofisini nilimweleza mwenzangu mmoja, Theophil, akanicheka, akasema, "Wewe ni karani wa majalada au daktari wa madimbwi? Hama nyumba hiyo mapema. Yule mama akizidiwa ataulizwa nani? Mwenye kichupa." Sikupenda maneno yake lakini hayanitoki kichwani.

Nikisema dawa imezidi, hodhi linavunjwa na Ba anarudi kitandani kwa neno langu, na kipimo changu hakisemi hivyo. Nikisema haijazidi, ataingia tena majini na huenda nitamuumiza zaidi, yeye aliyenipokea. Nikinyamaza, Jumapili itafika hata hivyo. Nimesoma maelezo yale ya Kiingereza mpaka nimeyakariri na sioni nilipokosea. Tafadhali badilisha majina, na tafadhali usinicheke. Niseme nini, na niseme kwa nani kwanza?

Ni mimi,
Karani mwenye hofu, Msimbazi.


BI. MBONI ANAJIBU

Mwanangu karani,

Majina nimeyabadili kama ulivyoomba, na jibu hili nimelitia posta kwa anwani ya ofisi yako kabla sijalipeleka gazetini, kwa sababu nyundo ya Jumapili haingoji mtambo wa kuchapia.

Umeniomba nisikucheke. Nimechelewa, mama. Barua yako niliisoma mara ya kwanza nikakuhurumia, mara ya pili nikacheka mpaka wenzangu wakageuka. Halafu nikaacha, maana kuna mama wa watu kitandani mwenye usaha mapajani, nikaenda kumtafuta Bwana Sadalla, ambaye amestaafu kwenye mitambo ya maji, ili nisije nikakushauri mambo ya ngozi ya mtu kwa kubahatisha. Kwa hiyo haya ninayokwambia sehemu ni yake na sehemu ni yangu. Yangu ndiyo ya jikoni.

Nijibu swali moja. Katika nyumba hiyo, manjano ni nini?

Kwako wewe uliyesoma karatasi ya Kiingereza, ni rangi. Kwa mwanamke aliyesimama jikoni maisha yake yote, manjano ni kitu kinachokaa kwenye kopo. Anatia kwenye mchuzi, anatia kwenye dengu, anampaka bibi harusi, anaweka kwenye kidonda, na usiniambie hayamo kwenye mafuta yale anayojipaka magotini kabla ya kuingia majini, kwa sababu nami nina magoti na nina jirani wa Kihindi. Ukamwambia mama huyo kwa kinywa chako, "Yakiwa manjano ndiyo mazuri kabisa." Akakujibu, "Si ungesema." Na kuanzia hapo maji yakawa manjano kila siku bila kukosa, hata siku ile hukutia dawa.

Umeelewa sasa? Rudia kusoma taratibu. Sikuwepo, siwezi kuapa. Lakini mimi naamini kila asubuhi, kabla hujateremka ngazi na kisanduku chako, Ba anajikokota hadi ukingo wa hodhi na kunyunyiza manjano kidogo ndani, ili uso wako usianguke. Bwana Sadalla anasema matone ya kipimo cha namna hiyo yana asidi, na manjano yakikutana na asidi yanang'aa. Hata yakiwa machache kiasi kwamba hodhi zima linaonekana jeupe machoni, ndani ya kichupa yatakuonyesha rangi ile ile unayoitafuta. Kwa hiyo ulikuwa unapima mchuzi, mwanangu, na mchuzi ulikuwa unakwambia dawa inatosha.

Sasa nikukemee kidogo, maana unastahili kidogo. Kidato cha Sita! Kemia! Na kipimo kinakupa jibu moja asubuhi na jioni, umetia dawa na hukutia, umeongeza na umepunguza, nawe unamshukuru Mungu badala ya kushtuka. Mungu ashukuriwe kwa mengi, lakini si kwa hilo. Kipimo kisichokataa hata siku moja kimeacha kupima. Ulipaswa kuuliza siku ile ile uliyosahau dawa. Hukuuliza kwa sababu jibu lilikuwa la kukupendeza, na wewe ni mtoto unayeogopa kushindwa mtihani. Mitihani imekwisha, mama. Sasa ni watu.

Na Devendra naye kakosea, umwambie hivyo. Ile harufu kali haimaanishi dawa imezidi. Nilidhani hivyo hivyo mpaka Bwana Sadalla aliponieleza. Dawa mpya iliyotosha hainuki sana. Inanuka ikishachoka, ikishashikana na jasho na mafuta na uchafu wa mwili, na hapo haiui tena kijidudu chochote, inabaki kuchoma macho na kukohoza watu tu. Maji ya moto yanaichosha dawa haraka kuliko maji ya baridi, na mafuta ya magotini yanaichosha zaidi. Wewe huku ukaipunguza. Kwa hiyo dawa haijazidi na wala haikutosha. Dawa haikuwepo, na vipele vinavyotoka pale nguo inapobana ndivyo vinavyoletwa na maji ya moto yasiyo na dawa.

Haya, kazi. Leo hii Ba asiingie majini, wala wewe, wala mtu yeyote. Mpelekeni hospitali aonyeshe vipele hivyo, na daktari aambiwe wazi kwamba anaoga kwenye maji ya moto yaliyokaa, asije akampa dawa ya upele wa kawaida mkarudi nyumbani mnajikuna. Kisha uthibitishe, usinisadiki mimi kwa sababu nimeandika gazetini. Chota maji ya hodhi, usitie tone lolote, kishike kichupa mbele ya karatasi nyeupe uone kama yamekwisha kuwa na umanjano. Halafu chukua maji ya kunywa yaliyochemshwa yakapoa, tia manjano ya kwenye kopo kiasi cha kushikwa na ncha ya kijiti, dondoshea matone yako. Yakigeuka rangi ya kwenye karatasi yako, umepata jibu lako na la Devendra.

Hodhi lisivunjwe. Limwagwe. Na maji hayo yasipotee bure, yasugulieni ngazi, vyoo na ua mzima, wala msiyanywe wala kuoshea vyombo, na wale wanawake wa foleni wakiona yanafanya kazi ya nyumba nzima watatafuta kingine cha kusema. Devendra ausafishe mpira wa pampu, humo ndani ndimo uchafu unamojificha, na vigae visuguliwe kwa maji yenye dawa kisha viachwe vikauke. Mkijaza tena, unga uukoroge kwanza ndani ya ndoo ya maji, unga ndio uingie majini, usimwagie maji juu ya unga. Upime kila mara kabla hajaingia, si asubuhi tu kwa mazoea. Ba aoge kwa sabuni kabla ya kuingia, na mafuta yake ajipake akishatoka na kujifuta, hapo hata ajipake kopo zima. Dawa ikikosekana Kariakoo, basi siku hiyo hodhi ni tupu na magoti yakandwe kwa kitambaa cha moto. Na msingoje tena maji yaseme yenyewe yamechoka, yamwageni mapema kabla hayajasema.

Kuhusu yule kijana wa ofisini kwako anayekwambia uhame, mwambie asante, kisha mgeuzie mgongo uendelee na majalada yako. Mtu anayekimbia mgonjwa ili asiulizwe ataulizwa tu, na safari hiyo hatakuwa na la kujibu.

Limebaki lile lililokufanya uandike. Ba amekuomba useme uongo. Usimlaumu, mtu aliyeonja kusimama baada ya kulala muda mrefu ataahidi kujikuna maisha yake yote. Lakini usiutamke. Ukisema maji ni mazuri, utamrudisha kwenye maji yanayomla, na Devendra ambaye amekwambia ataliamini neno lako hataliamini tena, wala la dada yake aliyetuma kisanduku. Umeuliza uanze na nani. Anza na wote wawili, kwa pamoja, uani, hodhi likiwa mbele yenu. Usimwite Devendra pembeni ukamweleza kosa la mama yake kwa mnong'ono kama mashtaka. Na usimwite Ba pembeni mkapanga la kumwambia Devendra.

Najua unachoogopa hapo, na ni kitu kizuri kuogopa. Mama huyo akisikia kwamba mkono wake ndio uliodanganya kipimo, atakunja mikono yake ndani ya shuka na hutaiona tena. Alifanya kwa kukupenda. Hakuna mtu aliyewahi kunitilia manjano mimi kwenye chochote ili nisihuzunike, na nimeishi zaidi yako. Kwa hiyo chagua maneno, wewe ni karani, maneno ndiyo kazi yako. Usimwambie alisikia vibaya. Mwambie ulisema vibaya, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa: ulimwambia jina la rangi, hukumwambia ni rangi, wala hukumweleza inatoka wapi. Mweleze sasa. Mkalishe kwenye kigoda, mpe kichupa akishike mwenyewe, mwonyeshe kisicho na kitu, kisha chenye manjano, kisha chenye dawa, na umwache akuulize maswali yote ya kijinga na yasiyo ya kijinga mpaka achoke. Kuanzia sasa apime pamoja nawe. Hutakuwa tena na mtu wa kukufurahisha, utakuwa na mtu wa kukusahihisha, na huyo ana faida zaidi.

Akilia, usimnyamazishe. Akimgeukia Devendra amtukane kwa Kigujarati kwa ajili ya nyundo, mwache amalize.

Kisha mwulize, mbele ya mwanawe, kama yuko tayari kuanza upya na maji mapya. Swali hilo muulize yeye, si Devendra, maana miguu ni yake. Na akikubali, kesho yake umsaidie kushuka ukingo wa hodhi, mguu wa kulia kwanza, na usimwachie kabla hajakwambia mwachie.

Bi. Mboni